Kati ya Farao na Mtoto Alisimama Mkunga

Hotuba niliyoitoa kwa akina mama na vijana wa Kikristo, Tukuyu, wilayani Rungwe. Nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na machache ambayo mvua juu ya bati haikuniruhusu kuyamaliza siku ile.

Bwana Yesu asifiwe.

Mugonile, akina mama. Mugonile, wanangu. Wachungaji na wazee wa kanisa walionizidi umri, shikamooni. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi ya uzazi miaka 37 katika Nyanda hizi za Juu Kusini, hospitalini na kwenye zahanati za vijijini, na wapo humu ndani ambao mtu wa kwanza kuwashika duniani nilikuwa mimi. Nimepewa neno la Petro na mitume mbele ya baraza: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Matendo ya Mitume 5:29. Mchungaji aliponipigia simu nilimwomba atafute mtu aliyesoma theolojia. Akaniambia, "Mama, hao tumewasikia. Njoo utuambie uliyoyaona."

Basi nitasema niliyoyaona, na moja niliyoyafanya.

Tukisikia mstari huu, kichwani inakuja picha ya watu wakubwa. Petro mbele ya baraza zima la wazee wa Israeli. Danieli na simba. Vijana watatu na tanuru. Tunasema amina kwa sauti kubwa, kisha tunarudi nyumbani tukiwa salama, maana nani kati yetu amewahi kuitwa na mfalme? Mtu anaweza kuishi miaka 70, akatoa fungu la kumi, akaimba kwaya mpaka sauti ikaisha, akifa anaamini mtihani ule haukumfikia hata siku moja. Mimi nasema ulimfikia. Ulikuja siku ya kazi ya kawaida, umeshikwa na mtu anayemfahamu, akasema, "Weka sahihi hapa."

Fungueni Kutoka sura ya kwanza.

Farao ana jeshi, ana magari ya vita, ana wanyapara. Lakini mahali mwanamke anapojifungua Farao hayupo, wala hawezi kuwepo. Akitaka watoto wa kiume wa Waebrania wafe pale pale wanapozaliwa, anahitaji mikono ya mwanamke aliyepiga magoti mbele ya mzazi. Ndiyo maana aliwaita wazalisha wawili, Shifra na Pua. Na angalieni jambo moja: sura ile haimtaji Farao kwa jina, na wasomi mpaka leo hawakubaliani alikuwa Farao yupi. Majina ya wakunga yameandikwa, na leo yanatajwa hapa Tukuyu.

Mimi nimepiga magoti pale. Nazijua zile sekunde. Mtoto anatoka, rangi yake bado ya bluu, hajalia. Unampangusa uso, unasafisha mdomo na pua, unamsugua mgongo kwa kitambaa kikavu. Kabla hajalia, maisha yake yote yako kwenye vidole vyako, na hakuna anayekuangalia. Mama yuko hoi. Ndugu wako nje. Ukizembea kidogo tu kwa makusudi, hakuna mahakama itakayojua. Amri ya Farao ilikuwa nyepesi kutekelezwa kuliko tunavyofikiri. Haikuhitaji hata kisu. Ilihitaji mkunga akawie. Na wale wanawake wawili, kila usiku, kila mtoto, walifanya upesi kila walichopaswa kufanya, mtoto akalia. Biblia inatoa sababu moja tu: walikuwa wakimcha Mungu.

Vijana wameniuliza mara nyingi: si walimdanganya Farao? Walimwambia wanawake wa Kiebrania ni hodari, wanazaa kabla mkunga hajafika. Nakiri swali hili limenisumbua, na mtaona kwa nini. Ninachoweza kusema kama mkunga ni kwamba wanawake wa namna hiyo wapo. Nimeitwa usiku nikakimbia, nikafika nikakuta mtoto ananyonya. Na mkunga anayejua kuwa akiwahi ataulizwa kwa nini mtoto yu hai, anaweza kabisa kutembea polepole njiani. Inawezekana walimwambia Farao kweli tupu. Biblia haisemi. Inasema Mungu aliwatendea mema kwa sababu walimcha.

Sasa twendeni 1 Wafalme 21, tuwaone wengine waliopata barua kutoka ikulu.

Mnaijua habari. Nabothi ana shamba la mizabibu huko Yezreeli, jirani na jumba la mfalme. Ahabu analitaka alifanye bustani ya mboga. Anatoa bei, na kusema kweli bei yenyewe si mbaya. Nabothi anajibu, "Bwana apishe mbali nikupe urithi wa baba zangu." Sisi tuliozaliwa kwenye migomba ya babu zetu hatuhitaji kueleweshwa jibu hilo. Ahabu anakwenda kulala, anageuza uso ukutani, anakataa chakula. Mkewe Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme, anaigonga muhuri wa mfalme, anaituma kwa wazee na watu wenye cheo wa mji wa Nabothi.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Ahabu hakumgusa Nabothi. Yezebeli hakumgusa Nabothi. Waliotangaza mfungo, waliomketisha mbele ya watu, waliowaleta mashahidi wawili wa uongo, walikuwa wazee wa mji wake mwenyewe. Majirani. Watu waliozika pamoja na baba yake. Barua ikaja asubuhi wakaisoma, na Biblia inasema wakafanya kama Yezebeli alivyowapelekea. Nimeisoma sura ile mara nyingi nikitafuta mzee mmoja tu aliyesema, "Jamani, ngojeni kwanza." Hayupo. Barua ilikuwa na muhuri.

Na haya hayakuishia Yezreeli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya kugawa ardhi ya kijiji, na ni sheria nzuri. Lakini muhtasari wa mkutano unaandikwa kwa mkono, na orodha ya mahudhurio inajazwa kwa mkono. Mahali ambapo mkutano haukukaa na muhtasari ukapatikana, kuna mkono ulioandika. Mara nyingi ni mkono wa mtu ambaye Jumapili anashika kitabu cha nyimbo.

Nisiwanyooshee vidole watu wa ardhi. Niseme ya kwangu.

Ilikuwa mwaka 1988. Nilikuwa na miaka 24, mwaka wangu wa pili kazini. Hospitali siitaji na watu siwataji. Usiku wa mwezi wa sita, baridi yetu mnaijua. Akaletwa binti wa mimba ya kwanza, amekuja na mama mkwe wake, wametembea, kisha wakapata lori lililobeba majani ya chai. Walifika saa 3 usiku. Pale mlangoni nilimwuliza mama mkwe, kama tulivyofundishwa: amekula nini, amekunywa nini? Akasema, "Uji wa ulezi tu, mwanangu. Nilimpa akiwa njiani." Akanionyesha birika la bati, bado lina mabaki. Nikaandika: uji.

Ilipofika saa 6 njia ilikuwa imegoma kufunguka, na mapigo ya moyo wa mtoto yameanza kushuka. Nikamtuma mlinzi kwa daktari wa zamu. Mlinzi akarudi akasema anakuja. Saa 8 nikamtuma tena. Anakuja. Kila nusu saa nilikuwa naweka sikio kwenye kile kifaa chetu kama pembe, nahesabu, naandika kwenye chati. 140. 120. 100. 80. Daktari alifika saa 11 alfajiri. Upasuaji ukafanyika, mama akapona. Mtoto wa kiume alitoka amekwisha.

Saa 2 asubuhi, kabla sijakabidhi zamu, mkubwa wetu wa kazi aliniita ofisini. Akafunga mlango taratibu. Hakunifokea hata kidogo, alisema kwa upole kama baba. "Binti yangu, chati hii ikisomwa huko juu, mwenzako kazi imeisha. Ana watoto wanne. Andika nyingine. Mapigo yaache ya kawaida mpaka saa 10, halafu yashuke ghafla. Na hapa juu andika: Mama alipewa dawa za kienyeji nyumbani."

Nikaandika. Kwa ule mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni, nikaandika maneno sita. Chati ya kwanza nikaikunja mara nne nikaitia mfukoni mwa gauni la kazi, na jioni nikaichoma jikoni kwangu chini ya sufuria ya ugali.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amesimama koridoni na birika lake. Mkubwa wetu akamwambia mbele ya ndugu zake, "Ninyi na dawa zenu ndio mliomwua mtoto." Yule mama hakumjibu. Aligeuka akaniangalia mimi. Mimi ndiye niliyempokea, ndiye niliyeandika "uji". Alikuwa anajua kwamba najua, na alikuwa anangoja niseme.

Nikatazama viatu vyangu.

Mashahidi wa uongo wa Nabothi walikuwa wawili. Mimi nilitosha peke yangu.

Baadaye nilisikia kwamba mwanawe alimjengea kibanda mbali na nyumba, na mkwewe hakula tena chakula alichopika yeye. Kila mtu alikuwa anaujua ule uji. Mama mkwe ameua mjukuu wake, na imeandikwa hospitali. Habari hii bado, nitairudia mwishoni, lakini nilitaka muijue sasa ili mjue ni nani anayesema nanyi.

Najua kuna mtu hapa tayari amefungua Warumi 13, na amefanya vizuri. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Paulo aliandika maneno hayo Nero akiwa Kaisari wa Roma, na mapokeo ya kanisa yanasema aliuawa Roma wakati wa Nero huyo huyo. Hakuwa anamsifu mtu ili apate cheo. Msiiache sura ile njiani, someni mpaka mstari wa 4: mtawala "ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Mtumishi! Sisi tuliokuwa watumishi wa umma tunalielewa neno hilo kuliko wengine. Mtumishi ana aliyemtuma, ana mipaka ya kazi yake, na kuna siku ya kukaguliwa. Paulo amempa mtawala heshima kubwa sana, na katika neno lilo hilo amemweka chini ya Mungu. Yesu alimwambia Pilato jambo hilo hilo uso kwa uso: usingekuwa na mamlaka yoyote juu yangu kama usingepewa kutoka juu. Hata wazee wetu wa Kinyakyusa kabla ya Injili walikuwa na mwanga kidogo wa jambo hili. Walisema malafyale, yaani chifu, akiwa mchoyo na mkorofi huugua kwa pumzi baridi ya watu wake. Walijua malafyale naye yuko chini ya kitu.

Kwa hiyo sikuja kuwafundisha ukaidi. Lipeni kodi. Dai risiti, toa risiti. Ndugu zangu wa viazi kule Isyonje na Kikondo, sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na mnunuzi anayemshonea mkulima kilemba cha viazi juu ya gunia anavunja amri ya Kaisari na amri ya Mungu kwa sindano moja. Mwombeeni Rais, mwombeeni mkuu wa mkoa, mwombeeni mwenyekiti wa kitongoji hata kama hukumpigia kura. Petro yule yule aliyesema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu ndiye aliyeandika, "Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme." Alikuwa anajua tofauti ya maneno hayo mawili.

Tofauti hiyo mimi niliielewa kwa gharama, mwaka 2003, hospitali nyingine. Mama wa watoto watatu alifia mikononi mwangu kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Damu ya kumwongezea haikuwepo. Alinishika mkono, akaniomba maji, akafa. Asubuhi nikaambiwa niandike kwenye rejista kwamba aliletwa akiwa ameshafariki, maana kifo cha mzazi kikitokea wodini lazima kijadiliwe: nani alikuwa zamu, damu ilikuwa wapi, dawa ilikuwa wapi. Akija amekufa, maswali hayo yanabaki njiani huko.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikaliona lile birika la bati. Nikasema, "Mkubwa wangu, nisamehe. Siwezi kuandika hivyo. Aliniomba maji." Akasema, "Unanifundisha kazi?" Nikasema, "Hapana. Kama ni lazima iandikwe, andika wewe na uweke sahihi yako. Yangu haitakuwepo." Magoti yalikuwa yanagongana. Sikujisikia shujaa hata dakika moja, nilijisikia kutapika.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya uhamisho. Zahanati ya mbali, umeme hakuna, maji ni ya mtoni, na watoto wangu wawili wako sekondari mjini. Ndugu wakasema nikate rufaa, nitafute mtu wizarani. Nikakaa na mume wangu tukaomba. Tukaona kwamba aliyeandika barua ile ana mamlaka ya kumhamisha nesi, hata kama moyo wake haukuwa safi. Hana mamlaka ya kumfanya nesi aseme uongo. La kwanza ni la Kaisari, la pili si lake. Nikafunga godoro, nikapanda gari, nikaenda, nikakaa miaka sita. Danieli naye alifanya hivyo. Aliacha dirisha wazi akaomba kama siku zote, na walipokuja kumkamata hakukimbia. Paulo alipoambiwa aondoke gerezani Filipi kimyakimya baada ya kupigwa bila hukumu, alikataa. Akadai wakubwa waje wenyewe wamtoe. Kwa hiyo simhukumu mwenzangu aliyekata rufaa. Rufaa ni haki halali na Paulo aliitumia. Nasema nilivyofanya mimi.

Wamoravian wenzangu wataniruhusu nimtaje Jan Hus, maana ndiye mzizi wetu ingawa watoto wetu wengi wanamjua kwa jina tu. Alikuwa mhubiri na mwalimu wa chuo kikuu huko Praha. Mwaka 1414 aliitwa mbele ya mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, mjini Konstanz, naye mfalme Sigismund akampa hati ya kusafiri salama. Akaenda. Walimtia gerezani pamoja na hati yake. Miezi ikapita, wakamletea mashtaka, wakamwambia akane mafundisho yaliyoorodheshwa na ataishi. Sasa sikilizeni sababu yake ya kukataa. Katika orodha ile yalikuwepo mambo ambayo hakuwahi kuyafundisha. Akasema: nikikana nisiyoyasema, nitakuwa nakiri kwamba niliyasema, na huo utakuwa uongo mbele za Mungu. Aliomba waonyeshe kwa Maandiko alipokosea, naye atatubu. Sahihi tu walitaka. Tarehe 6 Julai 1415 wakamvika kofia ya karatasi iliyochorwa mashetani, wakamchoma moto, majivu yake wakayatupa mto Rhine. Waliofuata nyayo zake wakaanza Umoja wa Ndugu mwaka 1457, na kutoka ukoo huo wa kiroho walikuja watu waliofika Rungwe mwaka 1891. Kanisa hili limetoka kwa mtu aliyekataa kusaini. Nilijua habari hiyo tangu kipaimara, nikajibu vizuri kwenye mtihani, na mwaka 1988 nikasaini.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Shukeni Kyela, mfike Kasumulu, mvuke daraja la Songwe: hiyo ni Malawi, na wengi wetu tuna shangazi kule. Dk. Hastings Kamuzu Banda alitawala nchi ile tangu uhuru wa 1964 kwa chama kimoja, akafanywa rais wa maisha, na mtu asiye na kadi ya chama aliweza kuzuiwa sokoni au kwenye basi. Mashahidi wa Yehova, ambao mimi nao hatukubaliani kwa mengi, walikataa kadi zile kwa ajili ya dhamiri, wakapigwa, na mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia. Makanisa yetu makubwa yalinyamaza miaka yote ile. Kisha Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, katika makanisa ya Katoliki nchi nzima, mapadri wakasoma barua ya Kwaresima yenye majina saba ya viongozi wao. Haikumtukana mtu. Ilisema umaskini upo, shule ziko hivi, hospitali zimejaa na zina upungufu, na watu wanaogopa kusema. Kila aliyekuwa amekaa kwenye benchi alikuwa anayajua yote. Polisi wakawaita maaskofu na kuwahoji. Mmoja wa wale saba, padri wa Ireland aliyeongoza Kanisa kule Mzuzu, akafukuzwa nchini. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, wananchi wakapiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na 1994 Banda akashindwa uchaguzi.

Naipenda barua ile kwa sababu ni chati ya kweli. Mtu aliandika 80 ilipokuwa 80.

Nikae kidogo na jambo ambalo waandaaji hawakunituma, na nina hakika wengine litawauma. Tunaposema "wanadamu" katika mstari wa Petro, tunafikiria serikali. Lakini baraza lililokuwa mbele ya Petro siku ile liliongozwa na kuhani mkuu! Viongozi wa dini, waliojua Maandiko, waliovaa vizuri. Mwanadamu anayetaka utiifu wa Mungu anaweza kushika kipaza sauti kanisani.

Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa iliyoumizwa zaidi na virusi vya UKIMWI nchini. Nimefanya kazi ya kuzuia maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto tangu dawa zilipoanza kufika zahanati. Mama akimeza dawa zake vizuri, karibu kila mara mtoto anazaliwa salama na anabaki salama. Nimeyaona kwa macho yangu, na kila mtoto wa namna hiyo nilimwimbia. Nimeona pia mama aliyekuja miezi minane, amekonda, nikamwuliza dawa ziko wapi. Akasema mtumishi wa Mungu amemwambia ameponywa, na akiendelea kumeza ni kukosa imani. Nikamwambia twende tupime tena. Akasema, "Baba amekataza nisipime." Mtoto yule nilimfuatilia. Siwezi kusema zaidi.

Akina mama wenzangu, kiongozi wa kweli hukuachia nafasi ya kuuliza. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na Biblia inawasifu kwa hilo. Kama Paulo alikaguliwa, hakuna nabii wa Mwanjelwa wala wa Tukuyu asiyekaguliwa. Anayesema usipime, usiulize, usimwambie mumeo, huyo amekaa kwenye kiti kisicho chake. Mtoke kwa heshima. Lakini mtoke.

Vijana wataniuliza: je, ukimtii Mungu mambo yatakuwa mazuri? Siwezi kuwaahidi. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakasema, "Bali kama si hivyo." Walikuwa wamekwisha kukata shauri kabla ya kujua. Hus hakuokolewa na moto. Nabothi alikufa. Mimi kule zahanati nilikaa miaka sita, na mwanangu wa pili alishindwa mtihani mwaka ambao sikuwepo nyumbani, naye aliniambia wazi kwamba nilichagua maiti kuliko yeye. Tumepatana, lakini aliyasema, nami niliyabeba.

Sasa lile deni.

Nilistaafu mwaka 2023. Mwaka uliofuata, baada ya kuomba na kuahirisha na kuomba tena, nikamtafuta yule mama mkwe. Miaka 36. Nilidhani nitaonyeshwa kaburi. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka nje ya kibanda chake, pembeni kabisa ya migomba, anachambua maharage. Macho yamefifia, masikio bado. Nikapiga magoti, nikamsalimu kwa Kinyakyusa, nikamwambia mimi ni yule nesi. Nikamwambia yote: saa 3, saa 6, saa 8, saa 11, chati niliyoichoma, maneno sita. Nikamwambia, "Mama, uliniambia uji, na nilijua ni uji."

Aliendelea kuchambua maharage. Nilidhani hakusikia. Kisha akamwita mjukuu aliyekuwa anacheza karibu, akamtuma shambani. Tukangoja bila kusema kitu. Akaja mama wa miaka 50 na zaidi, jembe begani, akasimama mbali kidogo, pale alipozoea kusimama. Nilimtambua kwa kovu dogo juu ya jicho.

Bibi akasema bila kunitazama, "Rudia, mwanangu. Anza pale uliponiuliza nimempa nini. Rudia, na huyu asikie."

Nikarudia.